Beki wa Mechi Mia Tano Kasoro Mbili

Siku ya tatu tangu mwanawe arudi nyumbani, Ayaa alikuwa ameshahesabu mara tano. Mara tano Oyat amegonga fremu ya mlango wa sebuleni, na mara zote kwa bega la kushoto. Ayaa aliukagua ule mlango, maana mafundi wa Ntinda huwezi kuwaamini sana, lakini haukuwa umehama. Ulikuwa palepale ulipokuwa mwaka jana.

Alikuwa mwalimu wa gwaride katika polisi kwa miaka thelathini, na mwalimu wa gwaride haropoki. Anangoja kosa lijirudie mpaka liwe tabia.

Mara ya sita ikaja Jumanne asubuhi, Oyat akiwa amebeba chai. Bega likagonga, kikombe kikaruka, chai ikaangukia miguu ya Hajati Nuriat, jirani, aliyekuja kuazima chumvi akakaa kama mtu aliyekuja kuazima nyumba.

"Wallahi huyu mtoto ataniua!" Hajati akapiga kelele, ingawa chai ilikuwa vuguvugu. "Wazungu wanamlipa azuie watu wasipite, sasa mpaka mlango anauzuia?"

"Samahani, Hajati. Mlango wenyewe mwembamba."

"Mwembamba? Mimi hapo napita kila siku, na unavyoniona hivi!"

Hajati alikuwa mtu ambaye akipanda boda, mwenye boda anamwomba Mungu. Oyat akacheka mpaka meno yake matatu ya bandia yakataka kutoka. Ayaa hakucheka. Alikuwa anaangalia mkono wa mwanawe ukitafuta ukuta, polepole, kama mkono wa mtu aliye kwenye giza.

Huyo Oyat alikuwa na miaka thelathini na minne, mrefu kama nguzo ya umeme, pua imevunjika mara tatu na kila mara imeungwa na mtu mwenye haraka. Alizaliwa katika kambi ya polisi ya Naguru. Baba yake alipokufa, Akullo, mdogo wake Ayaa, nesi huko Ufini, akamchukua akiwa na miaka minane. Ayaa, mama yake, alitarajia arudi daktari. Oyat alipofika miaka kumi, Ayaa akaletewa picha ya mtoto amesimama juu ya barafu na viatu vya visu, kashika gongo refu kuliko yeye. Alipofika kumi na tisa akaambiwa kwamba hiyo ndiyo kazi, na analipwa.

Mpira wa magongo wa barafuni. Beki.

Majirani walipouliza beki wa barafuni anafanya nini, Ayaa aliwajibu kwamba anafanya kazi ya askari wa kuzuia fujo. Unasimama mbele ya goli, wanakuja mbio na magongo, wewe ndiye ukuta. Wakipiga kile kisahani cheusi cha mpira, kigumu kama jiwe, unatanguliza mwili wako. Katika misimu kumi klabuni kwake Oyat alifunga magoli kumi na tisa tu. Vile visahani alivyozuia kwa ugoko, kwa mbavu, na kimoja kwa mdomo, hakuna aliyevihesabu. Somo la kwanza lilikuwa la Ayaa mwenyewe, alimfundisha uani kambini akiwa na miaka saba: "Usiangalie mkono wenye jiwe. Mkono unadanganya. Angalia kifua, kifua kinasema kinakoenda." Makocha wa Ufini walidhani mtoto amezaliwa na akili hiyo.

Sasa zilibaki mechi mbili kufika mia tano. Pale klabuni kwake, mtu akifikisha mechi mia tano, picha yake inatundikwa ukutani mwa uwanja na haitolewi tena. Picha zilikuwa kumi na moja, na zote ni za watu waliozaliwa kulekule kwenye theluji. Wakala wake angepiga simu siku hiyo saa kumi na mbili jioni. Oyat alitakiwa awe na karatasi ya daktari, atie saini mkataba wa msimu mmoja, basi. Daktari alikuwa Bugolobi, saa nane mchana.

"Nitacheza mbili, Mama, halafu naacha," alisema tangu alipofika.

Ayaa alikwisha kuwasikia askari wake wa zamani wakisema "chupa mbili halafu naacha" kwenye baa za Kabalagala, na alikwisha kuwabeba.

Lakini kilichomnyima usingizi ni ile video ya mwezi wa tatu, mechi ya mia nne tisini na nane. Oyat anagongwa ukutani, kichwa kinapiga ubao, anaanguka. Anainuka. Anateleza vizuri tu kama hakuna neno, anakwenda kwenye benchi, anakaa, anachukua chupa ya maji anakunywa. Benchi la wapinzani. Watu waliiwekea muziki wa vichekesho, ikazunguka dunia mpaka ikafika kwa vijana wa boda pale Ntinda, nao wakamwonyesha Ayaa huku wameshika matumbo. Oyat alimwambia kwa simu, "Nilikuwa nawachokoza tu, Mama."

Ayaa aliitazama mara kumi na moja. Uso ule haukuwa wa mtu anayechokoza. Ulikuwa wa mtu anayetafuta nyumba yake.

Saa saba boda ikaja. Oyat akatoka uani amevaa shati safi, bahasha mkononi. Hajati Nuriat alikuwa ameinamia beseni lake la nguo karibu na kamba. Ayaa alikuwa kizingitini. Kumuuliza mwanawe hakukuwa na faida, maana tangu utoto Oyat alijua kudanganya bila kupepesa jicho. Ila mtoto wa kambi, mdomo wake ukidanganya, mwili hauwezi. Watoto wa Naguru walicheza gwaride kabla hawajajua kufuta kamasi.

"Oyat!" Sauti ikatoka ile ya uwanjani, ya watu mia tatu. "Mguu sawa!"

Visigino vikagongana pah! kabla mwenyewe hajafikiri. Halafu akacheka. "Mama, bwana. Boda ananingoja."

"Fumba macho."

"Mama..."

"Nimesema fumba macho. Hesabu ni yangu, hadi ishirini. Moja."

Akafumba, bado anatabasamu. Ayaa alihesabu kama alivyohesabu siku zote, kila namba na nafasi yake, huwezi kuingiza hata unywele katikati. Mbili. Tatu. Nne. Kufika sita tabasamu lilikuwa limeondoka. Kufika saba mabega yakaanza kucheza kama shati kwenye kamba. Nane. Tisa, mguu wa kushoto ukachomoka wenyewe kutafuta ardhi. Kumi. Kumi na moja akaenda, mzimamzima, ubavu juu ya beseni la Hajati, povu mpaka ukutani.

Kijana wa boda akapiga mluzi. "Mzee kalewa saa saba hii?"

"Nyamaza wewe," akasema Hajati Nuriat, na ilikuwa mara ya kwanza Ayaa kumsikia akisema kwa sauti ndogo.

Ndani, Oyat alibadilisha shati, mgongo kwa mama yake. Ayaa alisimama mlangoni. Mlango ulikuwa mwembamba kweli, sasa.

"Tangu lini?"

"Jua tu, Mama. Sijala."

"Umekula mayai manne. Nimekukaangia mimi. Tangu lini?"

Akakaa kitandani. Ikatoka kidogokidogo. Mtikisiko wa kwanza wa ubongo aliupata miaka sita iliyopita. Huu wa mwezi wa tatu ulikuwa wa tano. Daktari mmoja, aliyemwendea kwa siri mji mwingine, alimwandikia barua: usirudi kwenye barafu, pigo lingine laweza kuwa la mwisho. Barua ilikuwa ndani ya sanduku lake, chini ya soksi.

"Na madaktari wa timu hawakupimi?"

"Wanatupima. Kila Agosti, kabla ya msimu. Kumbuka maneno haya, simama mguu mmoja, bonyeza haraka. Ukiumia baadaye wanakupima tena, wanalinganisha." Akajikuna pua. "Sasa sisi Agosti tunafanya vibaya makusudi. Ukijifanya mjinga Agosti, Februari hawaoni kama umeharibika."

"Kwa hiyo nimepeleka mtoto Ulaya miaka yote hii ajifunze ujinga."

"Mama, sikiliza. Mshambuliaji akifunga, wanaimba jina lake. Mlinda goli ana wimbo wake. Beki hana kitu. Beki akifanya kazi yake vizuri, hakuna kilichotokea! Watu wanakwenda nyumbani hawajui kama ulikuwepo. Mia tano ndiyo zawadi pekee ya beki. Mbili tu, Mama. Mbili!"

"Mimi nakuamuru..."

"Ulishastaafu, Afande." Alisema bila ukali, na ndiyo maana ilimchoma. "Siku hizi ni mama tu."

Akapita ubavuubavu asimguse, na boda ikaondoka.

Ayaa akakaa na ungo wa simsim mapajani, anapepeta simsim ambayo ilikuwa imeshapepetwa. Saa nane ikapita. Hajati, aliyelazimika kufua nguo zake upya, akaja na hasira nusu na huruma nusu.

"Paspoti yake iko wapi?"

"Ya nini?"

"Nipe mimi niikalie. Nikikalia kitu, hata polisi hawakioni."

Ayaa alikuwa ameshafikiria hilo. Kusema kweli, alikuwa ameshaingia chumbani, akaishika, akaipima mkononi kama mtu anayepima nyanya, akairudisha. Alifikiria kumpigia Akullo. Alifikiria kuwapigia wa kliniki. Kila alipochukua simu, macho yake yalipanda ukutani, kwenye cheti chake chenye fremu ya dhahabu ya uongo, miaka thelathini ya utumishi, na simu ikarudi mezani.

"Una nini na hiyo karatasi leo?" Hajati akauliza.

"Inaniangalia."

Saa kumi na moja Oyat akarudi, na karatasi yenye muhuri. Akaiweka mezani mbele ya wanawake wawili kama mtu anayeweka karata ya mwisho.

"Moyo mzuri. Damu nzuri. Goti bovu lakini linatembea."

"Na kichwa?" akauliza Ayaa.

"Waliuliza tu kama kinauma."

"Ukasema?"

"Hapana."

"Na sasa hivi kinauma?"

Oyat akaangalia dirisha, akayatoa macho haraka kwenye mwanga. "Kama ngoma," akasema.

Zilibaki dakika arobaini. Ayaa akainuka, akaondoa cheti ukutani, akakilaza juu ya ile karatasi ya kliniki.

"Kaa. Hajati, na wewe sikia, maana hata nikikwambia utoke hutatoka."

"Sitoki," Hajati akakubali.

"Sikio langu la kulia lilikufa miaka miwili kabla ya hiki cheti. Mlipuko mmoja, kazini. Bodi ya madaktari ilipokuja, nilimpa daktari sikio la kushoto, akasema geuka, nikageuka mzunguko mzima nikampa lilelile la kushoto. Tukacheka. Nikapita. Nilitaka thelathini, Oyat. Ishirini na nane ni namba gani? Nani anasema ishirini na nane?"

Oyat akavuta kiti, akakaa.

"Mwezi mmoja baadaye lori linarudi nyuma uwanjani, upande wangu wa kulia. Watu wanapiga kelele, mimi nasikia upepo tu. Na mimi ndiye nimewaambia wanafunzi mguu sawa. Wengine waliruka. Mmoja alibaki, Fadhul, kwa sababu amri yangu ilikuwa bado inamshika. Lori likamkanyaga mguu. Vidole viwili vikaenda. Walisema ni breki za lori. Mimi nilinyamaza, nikamaliza thelathini yangu."

"Mungu wangu," akasema Hajati.

"Unajua kibaya ni kipi? Nikikiangalia hiki cheti, bado nakipenda."

Nje, jirani mmoja alikuwa anakaanga kitunguu na redio inatangaza foleni za barabara ya Jinja. Oyat akainua cheti, akakisoma chote, mpaka jina la mpiga chapa, akakirudisha msumarini. Alikipachika kikainama upande mmoja, kwa sababu jicho lake la kushoto lilimwambia kimenyooka.

Halafu akasema, "Nipigie tena."

"Nini?"

"Hesabu. Mchana hukunionya. Nipigie sasa, mbele ya Hajati. Nikisimama hadi ishirini natia saini na wewe unanyamaza. Nikianguka, namwambia wakala basi."

"Mimi refa," akasema Hajati upesi. Kisha akawaangalia wote wawili, akaona si mchezo, akaondoa beseni lake njiani.

Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Simu ilibaki mezani sebuleni, kioo juu. Oyat akasimama katikati ya ua, akavua viatu, akajikita kwenye udongo kwa vidole vyote kumi. Alikuwa ameshajipanga. Ayaa aliona vile alivyokaza taya, vile alivyoshusha mabega. Ndivyo alivyowahi kumwona kwenye skrini, dakika za mwisho, wenzake wamechoka, wapinzani watano wanamjia. Beki anayengoja.

"Mguu sawa."

Pah.

"Fumba macho. Moja."

Mbili. Tatu. Nne. Kama nguzo. Tano, sita. Hajati alishika kamba ya nguo. Saba, bega likacheza, likarudi. Nane. Tisa, kifundo cha mguu wa kushoto kikaanza kutetemeka, mishipa imesimama kama nyuzi, lakini mguu haukutoka. Kumi. Kumi na moja, pale alipoangukia mchana, akapita. Jasho likamtoka chini ya nywele likaingia nyusini. Kumi na mbili. Mwili wote ulikuwa unavutwa kushoto, na mwili wote ulikuwa unakataa. Ayaa hakuwahi kuona mtu akifanya kazi kubwa namna hiyo bila kutoka mahali pake.

Kumi na tatu.

Na hapo Ayaa akauona ule ukuta wa uwanja. Hakuwahi kufika Ufini, lakini aliuona, picha kumi na moja za watu weupe na ya kumi na mbili ya mtoto wa Naguru, pua yake mbovu hiyo, na chini namba mia tano. Nani anasema mia nne tisini na nane?

"Kumi na nne," akasema. Oyat akainama, akainama zaidi, kisigino cha kulia kikaanza kunyanyuka. "Kumi na tano kumi na sita kumi na saba..."

Ulimi ulikimbia wenyewe. Alijisikia akikimbia na hakuweza kuushika.

Oyat akafumbua macho. Mguu ukatoka, akajishika magotini asianguke, akabaki ameinama, anahema, anamwangalia mama yake kutokea chini.

"Afande."

"Sijamaliza. Kumi na nane."

"Umekimbia."

"Sikukimbia."

"Umekimbia, Mama Oyat," akasema refa, taratibu. "Tatu umezisema kwa pumzi moja."

Miaka thelathini, mvua na jua, mbele ya wakubwa na mbele ya mawaziri, Ayaa hakuwahi kuiharakisha hesabu kwa ajili ya mtu yeyote. Hata mwaka aliohesabu akiwa na homa ya malaria, wanafunzi walisema namba zake zilikuwa na nafasi ileile.

"Kule wote wanahesabu hivyo," Oyat akasema. "Daktari wa timu anahesabu hivyo. Kocha. Mimi mwenyewe Agosti. Mtu mmoja tu nilijua hawezi." Akajifuta jasho kwa shati, na uso ulipotoka ndani ya shati haukuwa umekasirika. Ulikuwa umechoka tu, na mdogo, kama miaka saba. "Kumbe nimeharibika kiasi hicho, hata wewe unaiba namba kwa ajili yangu."

"Nilitaka picha yako iwe ukutani."

"Najua, Mama."

Simu ikalia.

Ilikuwa mezani inatembea yenyewe kwa mtetemo, na jina la wakala juu yake. Oyat akajinyoosha, akaenda. Bega la kushoto likagonga fremu, mara ya saba, na safari hii Hajati hakusema lolote kuhusu mlango. Wakamsikia akiongea Kifini, lugha ndefu inayopanda na kushuka bila kupumzika. Sauti ya upande wa pili ilicheka, ikauliza, ikaacha kucheka.

Ayaa alijua maneno mawili tu ya lugha hiyo, aliyofundishwa na Akullo kwa simu zamani. Moja ni asante. La pili ni hapana, na ni fupi sana, mtu asiyekuwa makini linampita. Akageuza kichwa kuupa mlango sikio la kushoto, lile zima.

"*Ei*," akasema Oyat mle ndani.

Sauti ya wakala ikaendelea, ndefu, tamu, ya mtu anayejua kubembeleza. Ayaa akashika ukuta.

"*Ei*," akasema Oyat tena. Kisha akaongea kwa muda, polepole, na katikati ya maneno yale yasiyoeleweka Ayaa akasikia jambo moja analolifahamu, nalo lilikuwa kilio. Hakuingia. Hajati alitaka kuingia, akavutwa kanga.

Alipotoka, simu imezima mkononi, Oyat alisimama katikati ya ua kama mtu aliyefika mahali akasahau alitumwa nini. Mikono imebana mapajani. Visigino pamoja. Bado alikuwa kwenye amri, maskini, hakuna aliyemwachia.

Ayaa akaja mbele yake, akamshika mabega yote mawili. La kushoto lilikuwa limevimba.

"Mguu pande," akamwambia, kwa sauti isiyofika hata kwa Hajati.

Ndipo mguu ukatoka, na mwili mzima ukalegea ukamjia, mkubwa, mzito, na Ayaa akautanguliza wake kuuzuia.